Jana Ulijishikiza na Nini?

Bweni la Wasichana, chumba namba 14
9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kushuka ngazi za mbele bila kuzigombeza, na kwamba mlango wa jikoni umeshapata fundi. Sisi wazima. Baba amenitumia gauni alilolishona mwenyewe. Limenipwaya kidogo, lakini usimwambie. Anajivunia kwamba vipimo vyangu anavyo kichwani na hahitaji futi. Mama bado yuko kazini wodini, na akinipigia simu ananihoji kama mgonjwa wa kitanda cha tatu.

Sasa nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako. Mwaka huu wa mwisho lazima niandike ripoti ya utafiti. Msimamizi wangu tunamwita Daktari Kwa Nini, kwa sababu akisoma kazi yako huandika maneno hayo mawili tu pembeni, kwa wino wa kijani, mpaka karatasi inaota majani. Ameshazikataa mada zangu mbili. Ya tatu ameikubali: ulaji wa vyakula vya haraka miongoni mwa wanafunzi wa kike chuoni. Yaani chipsi, baga, soseji, kuku wa kukaanga, keki, soda, yote yale yanayouzwa getini kwetu kwenye mifuko ya karatasi. Ripoti inatakiwa mezani kwake mwanzoni mwa Juni. Ikikataliwa narudia mwaka, na wenzangu wataondoka na vyeti vyao mimi nikiwapungia mkono dirishani.

Nimetengeneza dodoso, limo ndani ya bahasha hii. Tafadhali lipitie, wewe uliyefundisha sayansi kimu miaka thelathini na mbili na ambaye mpaka leo unamsahihisha mtangazaji wa redio. Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote: "Jana uliweka nini tumboni?"

Mwanao,
Bibi Takwimu (jina ulilonipa mwenyewe)


21 Januari

Mwanangu Bibi Takwimu,

Marahaba, na asante kwa kuandika kwa mkono. Kwenye simu tunaulizana hali, unasema nzuri, nasema nzuri, mtandao unakatika, na kila mtu anabaki na nzuri yake. Goti linajitahidi. Fundi wa mlango alikuja, akautazama, akasema ni kazi ndogo, akaondoka. Hii ni wiki ya tatu. Mwanangu wa mwisho kahama mji tena, kwa hiyo kitabu changu cha anwani sasa ni mistari ya kufuta tu.

Dodoso lako nimelisoma mara mbili. Limepangika, ila lugha yake ina haraka. "Kuweka tumboni", mwanangu, tumbo si ghala. Gunia huwekwa, mzigo huwekwa, mtu anakula. Tena ukitaka kujua mtu kala nini, uliza kwa neno lenye mipaka, maana usipoweka mipaka kila mtu atajibu swali lake mwenyewe. Neno hilo tunalo, nalo ni mlo. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaeleza hivi: mlo ni chakula anachokikalia mtu, kwa wakati wake, chenye kitu cha kumtia nguvu, kitu cha kumjenga mwili na kitu cha kumkinga na maradhi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: "Jana ulipata milo mingapi, na kila mlo ulikuwa na nini?" Lina adabu, linahesabika, na Daktari wako hatapata pa kuchomeka wino wake.

Mawili ya mwisho. Ukurasa wako wa pili una doa la mafuta. Nimeuinua kwenye mwanga wa dirisha nikamwona jirani akianika nguo. Na pia, gauni la baba yako halijawahi kumpwaya mtu. Kaka yangu hukosea siku za kuzaliwa, hakosei viuno. Wewe mwenyewe unakula nini huko?

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amepata kazi ya kushona sare za kwaya nzima na sasa nyumba yote ni ya zambarau. Mama anasema hata sukari ina nyuzi.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nahesabu. Niligawa madodoso themanini bweni zima na yote themanini yakarudi, jambo ambalo halijamtokea mtu mwingine darasani. Nikachora jedwali. Kwa mujibu wa jedwali hilo, wasichana ishirini na sita siku ya jana yake hawakupata mlo hata mmoja. Arobaini na mmoja walipata mmoja. Waliobaki wawili. Chipsi zimetajwa mara nne. Soda haimo kabisa. Shangazi, getini kwetu kuna wakaanga chipsi saba na mafuta yao hayapoi.

Nikampelekea Daktari hivyo hivyo. Safari hii kaandika sentensi nzima: "Kwa nini wahojiwa wako bado wanatembea?" Akaniita ofisini akanieleza kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko wino, kwamba ama wamenidanganya, ama nimejijazia mwenyewe, na yote mawili mwisho wake ni kurudia mwaka.

Nikarudi chumbani. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alikuwa kitandani na mfuko wa chipsi na chupa ya soda. Fomu yake nilikuwa naikumbuka: milo, sifuri. Nikamuuliza hicho anachokula ni nini.

"Hiki? Hiki si mlo, bwana. Najishikiza tu."

"Na jana?"

"Jana nilijishikiza mara tatu. Mlo nitaupata likizo, nyumbani."

Hakuwa anatania. Nikaenda chumba cha jirani, nikaenda na cha pili yake, kote ni lugha hiyo hiyo. Keki na soda asubuhi ni kujishikiza. Baga mchana ni kujishikiza. Kuku wa kukaanga jioni ni kujishikiza kwa heshima. Waliposoma neno letu "mlo" waliona meza, sahani, na mama zao wamesimama nyuma ya kiti. Wakajibu kweli tupu. Hakuna aliyedanganya.

Silaumu mtu. Ila nina miezi mitatu, na sijui pa kuanzia.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Fundi amerudi, safari hii amechukua vipimo. Jirani yangu kapata mjukuu, na nimeulizwa rai yangu kuhusu jina, nikatoa rai, likachaguliwa jingine.

Barua yako imenichekesha mpaka nikavua miwani. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kosa ni langu. Wewe uliandika "uliweka nini tumboni", na wasichana themanini wangekujibu bila kufikiri: chipsi, soda, keki. Mimi nikaleta neno la ubaoni. Nimewafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo kwamba mlo ni hiki na hiki, nao wameelewa kuliko nilivyotaka: kisicho mlo hakihesabiwi. Wasipokihesabu hawakioni, na wasipokiona hawawezi kushtuka kwamba kimekuwa chakula chao cha kila siku. Usilifiche hilo. Lipe sura nzima kwenye ripoti. Eleza kwamba dodoso la kwanza lilishindwa, eleza lilivyoshindwa, na ukitaka taja kwamba aliyelisahihisha ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Nitavumilia.

Neno lao lenyewe ni zuri, ujue. Muulize baba yako kushikiza ni nini. Ni kupiga uzi wa muda, ili nguo ishike umbo kabla ya kushonwa. Mteja anaivaa kwa kupimwa, anajitazama kwenye kioo, anaivua. Hatoki nayo kwenda kazini mwaka mzima.

Basi rudi kwao kwa lugha yao. Uliza: "Jana ulijishikiza na nini? Taja kila kitu." Uliza pia kama mtu alikula amekaa au amesimama. Halafu, kwa kuwa chuo kina bwalo la chakula: "Kwa nini hukuenda bwaloni?" Hapo acha nafasi kubwa tupu, usiwape majibu ya kuchagua. Ukimpa mtu majibu manne atachagua lililo karibu na kidole chake.

Umenijazia kurasa tano, ukanieleza walichokula wasichana themanini. Mimi nilimuulizia mmoja.

Shangazi yako


15 Aprili

Mwanangu,

Mwezi mzima sijaona mwandiko wako. Mama yako anasema umempigia simu ukasema uko poa. "Poa" ni jibu la mtu asiyetaka swali la pili.

Sitaki habari za dodoso. Niandikie hata mistari mitatu.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani. Barua yako ya Machi niliifanyia kazi bila kuijibu, na hii ya pili nimechelewa kuichukua, kwa sababu kwa siku kadhaa sikuweza kushuka hadi kwenye kisanduku cha barua.

Nilikuwa nasambaza madodoso mapya ghorofa ya tatu, nikaona ngazi zinapanda zenyewe. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni na Redio ananipepea kwa dodoso. Zahanati ya chuo wamenipima wakasema damu imepungua. Nimepewa vidonge, karatasi ya ushauri na siku tatu za kupumzika, na sasa natembea vizuri, kweli natembea. Tafadhali usimwambie Mama. Kutwa anapima damu za watoto wa wenzake; nitamtazamaje?

Nakujibu sasa. Asubuhi keki na soda. Mchana chipsi. Jioni chipsi, na soseji nikiwa na furaha. Tangu Septemba. Kwenye dodoso la kwanza, langu nilijijazia milo miwili. Nilikuwa naidanganya karatasi niliyoitunga mwenyewe.

Safari hii nimejaza kweli, na wenzangu sabini na tisa pia. Swali lako limefungua bomba. Kuna aliyeomba karatasi ya pili. Lakini hilo la bwalo ndilo lililonikalisha macho. Nilitegemea waandike kwamba foleni ni ndefu, au chipsi ni tamu. Hao wapo. Ila hamsini na wawili, kila mmoja kwa maneno yake, wameandika jambo moja: bwaloni sishibi. Redio kaandika, "Natoka na njaa ile ile niliyoingia nayo, bora chipsi, mfuko naushika mwenyewe naona umejaa." Ajabu ni kwamba wavulana wanakula bwalo hilo hilo kwa tiketi hiyo hiyo, nao wanatoka wanajipapasa matumbo. Nikipeleka hivi kwa Daktari, unajua atakachoandika.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu na goti halikuniuma kabisa, ujue lilivyosahaulika.

Kwanza vidonge. Usivimeze kwa chai, wala chai isivifuate kwa karibu, kwa sababu chai huyashika madini ya chuma tumboni yakapita bila kuingia mwilini. Kunywa maji, na ukipata chungwa kula, hilo husaidia yaingie. Maharage, mayai, mboga za majani, nyama siku ikipatikana. Hayo yote unayajua, nilikufundisha ukiwa umekaa juu ya kaunta ya jikoni kwangu. Nayaandika ili yawe karibu. Pili, wifi yangu sijamwambia, lakini si mtu wa kufichwa damu. Nakupa wiki mbili umwambie mwenyewe. Zikipita nitamwambia mimi, na unajua nikieleza huwa sifupishi.

Tatu, kushiba. Kushiba hakupimwi kwa kuhoji, kila mtu ana tumbo lake. Uzito unapimwa. Nimekutumia mizani yangu ya jikoni kwa basi, nimeifunga ndani ya taulo. Pima kwanza sahani tupu. Kisha pima sahani za wavulana na za wasichana, idadi sawa, chakula kimoja, siku moja, baada ya kupakuliwa na kabla mtu hajaonja, kwa ruhusa ya mwenye sahani. Na ukishapata namba, kabla hujaandika neno lolote juu ya mpishi, nenda ukakae naye. Si vizuri mtu akutane na habari zake kwenye ripoti bila kuambiwa ana kwa ana.

Ndani ya bahasha utakuta dodoso moja limejazwa. Nilitaka kuona kama maswali mapya yanaeleweka na mtu wa rika lolote. Yanaeleweka. Usilizingatie.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimemwambia Mama. Aliuliza namba ya kipimo tu. Kesho yake alishuka kwenye basi la kwanza, akanivuta kope ya chini hapo hapo stendi watu wakitazama, akasema "hm". Hajanisamehe, lakini ameniletea maini, na Baba kamtuma na mkanda wa kubana lile gauni. Kumbe alijua.

Mizani imefika salama na imekuwa mtu mashuhuri bwaloni. Siku ya kwanza walidhani nauza kitu. Siku ya pili wavulana walikuwa wanapanga foleni kupima sahani kama mabondia kabla ya pambano, na kutangaziana uzito. Wasichana walikuja kwa aibu, halafu Redio akaweka ya kwake mezani kwa kishindo, na wengine wakafuata. Nimepima sahani arobaini za wali na maharage, ishirini kwa ishirini. Za wavulana, wastani gramu mia sita na thelathini. Za wasichana, mia nne na arobaini. Sahani nzito kuliko zote ya msichana ilikuwa nyepesi kuliko ile nyepesi kuliko zote ya mvulana.

Nikafanya ulivyoniambia, nikamfuata mpishi. Tunamwita Mama Bwalo. Nilimkuta anachambua maharage, nikavuta kiti nikachambua naye, na baada ya sinia la kwanza nikamwambia.

"Nani kasema nawapunja?"

"Mizani, mama."

Akainuka akaniambia niilete. Akapakua sahani moja, akasema hii ya msichana, akapakua nyingine, akasema hii ya mvulana, upawa ule ule. Alizitazama namba, akarudia, namba zikarudi vile vile. Akakaa. Akanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa anawapakulia wote sawa, lakini wasichana walikuwa wanaacha nusu sahani na yeye anamwaga, na kumwaga chakula kulimuuma. Akapunguza. Mkono ukazoea, ukaacha kumuuliza.

Nikamuuliza kwa nini walikuwa wanaacha. Nilijisikia kama Daktari.

"Kulikuwa na meza ya wavulana hapo mlangoni," akasema. "Msichana akipita na sahani imejaa, wanamuuliza, 'Hiyo yako, au ya familia?' Nani atamaliza sahani hiyo?"

Nikamuuliza hiyo ilikuwa lini. Akahesabu kwa vidole. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Shangazi. Wale wasichana leo wana watoto wanaokwenda shule, na upawa bado unawaonea haya.

Ameniomba mizani ibaki pale pa kupakulia mpaka mkono wake ujifunze upya. Nimemkubalia bila kukuuliza. Jana Redio alikula bwaloni, akatoka kimya. Tulidhani anaumwa. Alikuwa ameshiba.

Dodoso lako nimelipokea na nimelisoma. Nimelipa namba themanini na moja.

Mwanao


28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mizani ibaki huko huko, ina kazi nzuri kuliko hapa. Hongera kwa Mama Bwalo. Mtu wa kukubali namba ya mizani dhidi ya mkono wake mwenyewe si wa kila siku, na ripoti yako imwandike hivyo.

Unapoandika, weka sentensi fupi. Usiseme "imebainika" pale unapoweza kusema "nimeona". Majedwali yakae karibu na maneno yanayoyaeleza, msomaji asigeuze kurasa kama anatafuta ufunguo.

Lile dodoso nilisema usilizingatie.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niliitwa Jumanne. Walikuwa walimu watatu nyuma ya meza ndefu, Daktari katikati na ripoti yangu mbele yake. Alianza na sura ya dodoso lililoshindwa, akaisoma aya nzima kwa sauti, hiyo ya mlo na kujishikiza, na mwalimu wa kushoto akacheka mpaka akaomba maji. Kisha wakaingia kwenye sahani. Waliuliza kwa nini arobaini, kwa nini wali, kwa nini siku ile. Nilijibu yote. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekula.

Mwishoni Daktari akafungua ukurasa wenye alama moja tu ya kijani.

"Kwenye jalada unasema wahojiwa themanini. Kwenye majedwali wapo themanini na mmoja." Akavuta fomu kutoka kwenye rundo, akaanza kusoma. "Mhojiwa namba themanini na moja. Jinsia, kike. Umri, miaka sitini na saba. Jana ulijishikiza na nini? Asubuhi mkate na chai. Mchana mkate. Jioni chai. Ulikula umekaa au umesimama? Nimesimama, karibu na sinki. Kwa nini hukuenda bwaloni? Bwalo langu lina masufuria manne makubwa na mtu mmoja."

Akavua miwani. "Huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa ngapi?"

"Ni shangazi yangu."

"Anaishi peke yake?"

Nikasema ndiyo, tangu mume wake alipofariki, na watoto wameshatawanyika kikazi. Hakuna aliyecheka. Daktari akaikunja ile fomu polepole, na mimi bado sikuwa nimeambiwa kama nimefaulu.

"Mwondoe kwenye majedwali," akasema.

Nikasema sawa.

"Kwenye majedwali tu," akasema, akanirudishia fomu, akaandika kwenye jalada la ripoti yangu neno moja la kijani: Imepita.

Nimefaulu, Shangazi. Sirudii mwaka. Nilikuwa na barua ndefu ya kukugombeza kuhusu mkate na sinki, nimeichana, kwa sababu ningekuwa naandika habari zangu mwenyewe. Badala yake nakuja. Chuo kinafungwa, na Jumamosi ya tarehe kumi na nane Julai nitakuwa mlangoni kwako. Siji peke yangu. Redio anataka kumwona mwenye neno mlo, na kuna wengine bwenini wanaosema hawajawahi kufundishwa kupika na mtu anayejua. Mama Bwalo naye kauliza kama mwenye mizani anapokea wageni. Tutakuwa wachache hivi.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na hongera, hongera tena. Barua yako nimeisoma kwenye kiti, nikamsomea jirani, nikampigia baba yako simu nikamsomea na yeye, na cherehani ikanyamaza upande wa pili kwa mara ya kwanza tangu ainunue.

Nimeondolewa kwenye majedwali bila kupewa nafasi ya kujitetea. Nilikuwa na utetezi. Nilikaa na lile dodoso nikiwa na nia ya kuandika mlo mmoja, kamili, wenye vyote vitatu. Kalamu ikawa imeshaandika mkate. Ndipo nilipojua kwamba dodoso lako sasa liko sawa, nikakutumia kabla sijalifuta. Kukuambia kwa mdomo nisingeweza. Ningeeleza mambo mengine.

Jana nilishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati. Ndani nilikuta vifungo, chaki, na picha moja ya harusi ambayo watoto wangu walikuwa wanatuhumiana kuipoteza. Nimelisugua. Maharage nitayaloweka Ijumaa, mayai nimemwagiza jirani, na fundi nimemwambia mlango uwe umekaa sawa kabla ya tarehe kumi na nane kwa sababu kuna watu watapita hapo na masinia. Amesema ni kazi ndogo.

Lakini wewe, mtu aliyefaulu takwimu juzi, unaniandikia "wachache hivi". Wachache hivi ni wangapi? Huo si uandishi. Niletee namba kwa posta ya kwanza, na uihakikishe, kwa sababu kila mmoja nitampikia kama watu wawili.

Shangazi yako